John Newton: Miaka 40 ya Kufunguka Macho

Andiko: Marko 8:22–25

Jumapili tulisoma habari za yule kipofu wa Bethsaida ambaye Yesu alimgusa mara mbili. Mguso wa kwanza, aliona, lakini watu walikuwa kama miti inayotembea. Wengine mliniuliza baada ya ibada, kwa nini hakuona vizuri mara moja? Wiki hii nijibu kwa maisha ya mtu ambaye wimbo wake nyote mnaujua: John Newton, aliyeandika Amazing Grace.

Newton alizaliwa London mwaka wa 1725. Baba yake alikuwa nahodha wa meli, mara nyingi hayuko nyumbani. Mama yake, Elizabeth, ndiye aliyemfundisha kusoma na kumkaririsha Maandiko, akitamani siku moja mwanawe awe mhubiri. Lakini kifua kikuu kilimchukua mama huyo mwaka wa 1732, siku chache kabla mtoto hajafikisha miaka 7. Akiwa na miaka 11, kijana alikuwa tayari baharini na baba yake.

Huko akageuka kuwa mtu wa matusi na wa kumdharau Mungu. Mwaka wa 1744 aliingizwa kwa nguvu katika jeshi la majini. Akajaribu kutoroka, akashikwa, akachapwa viboko mbele ya wenzake. Baadaye akajikuta Sierra Leone, akimtumikia mfanyabiashara wa watumwa. Aliugua, akanyimwa chakula. Na ni nani waliomhurumia? Watumwa wenye minyororo, waliomletea kwa siri kidogo walichopewa wao.

Machi 1748, akirudi Uingereza kwa meli ya Greyhound, dhoruba ikawapiga na meli ikajaa maji. Newton alipiga pampu saa nyingi, na humo ndani ya hofu akamlilia Mungu wa mama yake. Siku hiyo aliiadhimisha kila mwaka hadi uzeeni.

Hapa ndipo sisi hufunga ushuhuda na kusema haleluya. Lakini ngojeni kidogo.

Baada ya dhoruba ile, Newton alirudi kwenye biashara ya watumwa. Kati ya 1750 na 1754 alikuwa nahodha wa safari 3, akinunua Waafrika pwani ya magharibi na kuwapeleka kuuzwa ng'ambo. Alikuwa anaomba, anasoma Biblia, anawaongoza mabaharia wake katika ibada, na chini ya sakafu watu wamefungwa minyororo. Katika kitabu chake cha safari, mtumwa akifa aliandikwa kwa namba. Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo hapo huniuma sana. Mtu anaweza kuweka hesabu safi kabisa na asione kwamba ile namba ni mtoto wa mama fulani. Hata wale waliomlisha akiwa na njaa, alikuwa amewasahau. Watu kama miti.

Na hakuacha kwa sababu dhamiri ilimsuta. Ugonjwa ndio ulimtoa baharini mwaka wa 1754. Alifanya kazi ya forodha bandarini Liverpool, akasoma, akawekwa wakfu kuwa mchungaji mwaka wa 1764 katika mji wa Olney. Ule wimbo aliuandaa kwa ibada ya mwaka mpya wa 1773. Ilipita miaka 15 tena kabla hajasema hadharani juu ya dhambi ile. Mwaka wa 1788, akiwa na zaidi ya miaka 60, alitoa kijitabu akaeleza alichokiona melini na akakiri sehemu yake mwenyewe. Akatoa ushahidi bungeni. Akamtia moyo mbunge kijana, William Wilberforce, asiache siasa. Mwaka wa 1807 sheria ikapita ya kukomesha biashara hiyo katika himaya ya Uingereza, na Desemba mwaka uo huo mzee akalala akiwa na miaka 82. Macho ya mwili yalikuwa yamefifia, lakini sasa aliona watu.

Wapendwa, kuokoka ni siku moja. Kukua ni safari. Paulo katika 1 Wakorintho 13:11 anakumbusha kwamba mawazo ya kitoto lazima yaachwe, na hayaachwi kwa kuongeza miaka tu. Unaweza kuwa umeokoka tangu 1995, unafunga na kuomba, na dada anayekufulia nguo mshahara wake unacheleweshwa hadi tarehe 15. Kijana wa duka lako ni laini moja tu kwenye daftari ya gharama. Hebu jiulize: watoto wao wanaitwa nani?

Mimi pia wiki hii nimejiuliza, na kuna majina sikuyajua.

Usitupe ushuhuda wako. Dhoruba ya Newton ilikuwa ya kweli, na wokovu wake pia. Ila usiondoke kwa Yesu baada ya mguso wa kwanza, na usingoje miaka 40.

Tuombe: Bwana, tuguse tena, tuwaone watu. Amina.