Daudi Chwa: Mfalme Aliyeanza na Mwaka Mmoja

Katika kipindi chetu cha wiki iliyopita wasikilizaji wengi walituuliza mtoto anafaa kupewa madaraka akiwa na umri gani. Leo tunamtazama jirani yetu wa ng'ambo ya ziwa ambaye swali hilo alizaliwa nalo.

Daudi Chwa alizaliwa tarehe 8 Agosti 1896 katika ukoo wa kifalme wa Buganda. Baba yake, Kabaka Mwanga, aliwaasi Waingereza mwaka uliofuata, akashindwa, akakimbilia upande wa Wajerumani, ambako walimkamata na kumweka Mwanza. Agosti hiyo hiyo ya 1897 kiti kikapewa mtoto. Alikuwa ndiyo kwanza ametimiza mwaka mmoja. Mtoto wa umri huo kwetu hata kuku hatumwachii.

Nchi ikashikwa na wasimamizi watatu: Katikiro Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Machi 1900 walitia saini Mkataba wa Uganda kwa niaba ya mfalme wa miaka mitatu. Mkataba ule ulileta kodi ya nyumba ya rupia 3 kwa mwaka, ukaweka kwamba Kabaka atahesabiwa mtu mzima akifika miaka 18, na ukagawa ardhi. Hapo kwenye ardhi ndipo penye uzito. Maili za mraba 8,000 zilitengwa kwa machifu wapatao 1,000 na wenye ardhi wengine, na waliosimamia ugawaji wao wenyewe walikuwa miongoni mwa waliopata. Hatusemi walimwibia mtoto, maana yeye pia alitengewa sehemu kubwa. Lakini hakuulizwa, na wala asingeweza kujibu.

Mwanga alifia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903. Mwili wake ulirudishwa 1910 ukazikwa Kasubi, mwanawe akikaribia miaka 14. Miaka hiyo Daudi alikuwa akisomeshwa na mwalimu Mwingereza, akifundishwa kutawala nchi ambayo mambo yake makubwa yalikuwa yamekwisha kuamuliwa.

Mwaka 1914 akatimiza miaka 18, usimamizi ukaisha. Lakini Kagwa alibaki kuwa Katikiro, cheo alichokishika tangu 1889, kabla mfalme hajazaliwa. Kumwamuru mzee aliyekulea si jambo jepesi, hata ukiwa na taji.

Miaka ya 1920 Bataka, yaani wakuu wa koo, walilalamika kwamba ardhi yenye makaburi ya wazee wao ilikuwa imegawiwa watu wengine. Kabaka aliwasikiliza, naye akaona wana haki. Serikali ya kikoloni ikakataa kuufungua ugawaji ule upya. Kagwa alijiuzulu 1926 baada ya kukorofishana na ofisa wa Kiingereza, akafariki mwaka uliofuata. Sheria ya 1927 ikaweka kikomo cha kodi na mazao ambayo mwenye ardhi angeweza kumdai mkulima. Hilo liliwapa nafuu wakulima, lakini Bataka hawakurudishiwa ardhi yao.

Daudi Chwa alifariki Novemba 1939, akiwa na miaka 43. Mrithi wake, Edward Mutesa, alikuwa na miaka 15. Wakateuliwa wasimamizi watatu tena, naye akavikwa taji 1942, siku aliyotimiza miaka 18.