Satchel Paige: Aliitwa Ligi Kuu Akiwa na Miaka 42

Ukishuka feri upande wa Likoni utawakuta madogo wanaogombania kukubebea mzigo. Leroy Paige alianza hivyohivyo, ila yeye kijiwe chake kilikuwa stesheni ya treni ya Mobile, mji wa bandari kule Alabama, Marekani, alikozaliwa 1906. Inasimuliwa alifunga mikoba kwenye fimbo kwa kamba ili abebe mingi kwa mpigo mmoja. Wenzake wakambandika Satchel, yaani mkoba. Jina likaganda.

Akiwa na miaka 12, wizi mdogomdogo na utoro vikampeleka shule ya kurekebisha tabia Mount Meigs, kitu kama Borstal yetu ya Shimo la Tewa. Akakaa miaka mitano. Huko ndiko kocha Edward Byrd alimfunza kurusha: mguu juu kabisa, mpira uufiche mpaka mwisho.

Kwa wasioijua besiboli, mrushaji ni kama bola wa kriketi, ila mpira haudundi chini. Unamrushia jamaa mwenye gongo, umbali wa mita 18 hivi, na kazi yako ni akose.

Satchel aliwakosesha wengi. Kuanzia 1926 alilipwa kurusha: Chattanooga, Birmingham, Pittsburgh, hata Jamhuri ya Dominika 1937 kwenye timu ya dikteta Trujillo. Popote palipo na pesa, yupo. Lakini ligi kuu hamna. Hakukuwa na sheria iliyoandikwa, wenye timu walielewana tu kimyakimya kwamba mweusi haingii. Yeye akaishia ligi za weusi, na mechi za kirafiki ambazo aliwatoa jasho hao mastaa wazungu.

1938 mkono ukagoma akiwa Mexico. Watu wakasema kwisha. Kansas City Monarchs wakamchukua hivyohivyo kwa ajili ya jina, na mkono ukarudi.

Halafu 1947 mlango ukafunguka, akapita Jackie Robinson, kijana aliyewahi kuchezea hiyohiyo Monarchs. Hebu fikiria ulivyomchoma. Miaka ishirini unabisha hodi, anaingia mdogo wako.

Mimi nina 26, koleji niliiacha, na kila harusi kuna shangazi ananikumbusha kuwa wakati umenipita. Basi shangazi, Cleveland walimsajili Satchel Julai 7, 1948, siku aliyotimiza miaka 42. Waandishi wakadai ni sarakasi ya kuuza tikiti. Akashinda mechi sita, akapoteza moja. Agosti 20 walijaa watu zaidi ya 78,000 uwanjani, na wapinzani hawakupata hata pointi. Cleveland wakabeba ubingwa mwaka huo.

Septemba 1965, akiwa na miaka 59, Kansas City Athletics walimrudisha kwa mechi moja. Wakamwekea kiti cha kubembea na nesi pembeni, utani mtupu. Alirusha awamu tatu, na Boston walipata mpigo mmoja tu.

1971 akaingizwa Jumba la Mashujaa wa besiboli. Mwanzoni walitaka kumweka sehemu ya kando, ya weusi. Watu wakapiga kelele, ikabidi wabadilishe. Alifariki Juni 8, 1982.