Susanna Wesley, Mama wa Watoto 19

Kanisani twaimba mara nyingi nyimbo za Charles Wesley, na jina la ndugu yake John twalijua. Leo nataka tumkumbuke mama yao, maana kazi yake ilitangulia ya wanawe.

Susanna alizaliwa London tarehe 20 Januari 1669, kitinda mimba katika nyumba ya watoto 25. Mwaka 1688 aliolewa na Samuel Wesley, na tangu 1697 waliishi Epworth, mashambani, Samuel akiwa kasisi wa mtaa. Susanna alizaa watoto 19. Tisa aliwazika wangali wachanga.

Haikuwa nyumba ya raha. Mwaka 1705 mumewe alifungwa kwa ajili ya deni. Susanna, asiye na fedha, alimpelekea pete zake ziuzwe, mumewe akazirudisha. Usiku wa tarehe 9 Februari 1709 nyumba yao iliteketea kwa moto. John, mwenye miaka mitano, aliokolewa kupitia dirishani. Watoto wakagawanywa katika nyumba za watu, na waliporudi mama aliona adabu yote imepotea. Akaanza tena tangu mwanzo.

Aliwafundisha mwenyewe nyumbani, asubuhi masaa matatu na alasiri matatu. Mtoto alipotimiza miaka mitano alipewa siku moja kujifunza herufi zote. Wawili walihitaji siku moja na nusu. Kesho yake alianza kusoma sura ya kwanza ya Mwanzo. Binti hakupewa sindano ya kushona mpaka ajue kusoma vizuri. Katika siku zile hilo lilikuwa jambo la ajabu.

Alikuwa mkali, na fimbo aliitumia. Wala si watoto wote walioona furaha: Hetty, binti mwenye akili nyingi, aliolewa na mume asiyemfaa, akateseka.

Lakini liko jambo moja ambalo mimi, mwalimu mstaafu, silisahau. Susanna alipanga kila jioni kukaa faraghani na mtoto mmoja, amsikilize na kuzungumza naye habari za roho yake. Alhamisi ilikuwa ya John, Jumamosi ya Charles. Miaka mingi baadaye John, mtu mzima na mwalimu wa Oxford, alimwandikia mama yake akimwomba asimnyime sehemu yake ya Alhamisi.

Nilifundisha madarasa ya watoto hamsini. Hodari niliwajua, na watundu niliwajua. Walionyamaza waliondoka shuleni sijapata kuwauliza lolote. Hilo hunirudia usiku. Susanna alikuwa na ukata, maradhi na misiba, hata hivyo hakuna mtoto wake aliyepotea katikati ya wingi.

Alifariki London tarehe 23 Julai 1742, akazikwa katika makaburi ya Bunhill Fields, na John ndiye aliyeongoza maziko. Yeye na Charles walibaki makasisi wa Kanisa letu la Anglikana hadi kufa kwao.

Akina mama na akina baba, kazi ni nyingi na siku ni fupi, najua. Ila jioni ya leo tumwite mmoja, hasa yule mnyamavu, tuketi naye. Kesho iwe zamu ya mwingine. Mungu atusaidie.