Tshibumba Kanda Matulu, fundi aliyechora mgongo wa mfanyakazi

Wandugu wa migodi, wengi kati yetu tulikomaa na picha ile ukutani: mutu amelala chini, suruali imeshushwa, askari wa kofia nyekundu anamupiga kiboko, muzungu anasimama kuangalia. Jina lake Colonie belge. Mmoja wa waliochora ile picha mara nyingi ni Tshibumba Kanda Matulu.

Alizaliwa mwaka 1947 Élisabethville, leo Lubumbashi. Kuchora alijifunza mwenyewe. Alichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, akauza kwa bei ambayo mfanyakazi aliweza kulipa. Watu walitundika picha hizo sebuleni, wakaziita za ukumbusho.

Sasa tuone ugumu wa ile kazi. Kumuchora mutu aliyevuliwa nguo si mchezo. Nguo inaficha makosa ya fundi, ngozi haifichi. Ukitia nyeusi ya mkebe moja kwa moja, mutu anageuka kivuli. Ngozi yetu iko kahawia, chini yake kuna wekundu, na pale jua linapopiga bega inang'aa. Tshibumba alitia kahawia, tena juu yake alama nyekundu za fimbo. Rangi zilikuwa chache, lakini aliyepigwa anaonekana ni mutu mwenye damu, si kitu cheusi kilichotupwa chini. Na anayeangalia anajua: huyu hakujivua mwenyewe, amevuliwa.

Miaka ya 1973 na 1974 alimuchorea Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu cha Lubumbashi, historia yote ya nchi: picha 101. Wote wawili waliongea Kiswahili. Ndani yake kuna Lumumba, na kuna wafanyakazi wa Union Minière waliopigwa risasi katika mgomo wa Desemba 1941. Kitabu chao kilitoka mwaka 1996, lakini Tshibumba hakukiona. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 alipotea, hana hata kaburi linalojulikana.

Picha zile leo ziko Amsterdam. Huku Kabondo, fundi wa vibao vya kinyozi bado anahangaika na kahawia ileile. Sisi wa sandika tunasema: kama nyumbani kwa baba kuna picha ya zamani juu ya mfuko wa unga, usiitupe. Pangusa vumbi, usome jina la aliyeichora, na uwaeleze watoto kwa nini yule mutu alilazwa chini.