Ibn al-Haytham: Bingwa wa Basra na Siri ya Macho Mawili

Vijana wetu wanaosomea tiba ya macho chuo kikuu hulikuta somo moja linalowapa tabu wengi. Mtu ana macho mawili, kila moja lina mahali pake na kila moja lina picha yake. Basi vipi anaona kitu kimoja? Na kwa nini jicho likienda kombo anaanza kuona viwili viwili? Mmoja wa watu wa mwanzo waliolipima jambo hili kwa mikono yao ni Muislamu wa Basra, na vifaa vyake vilikuwa ubao na nta.

Jina lake ni Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham. Alizaliwa Basra, Iraq, mnamo mwaka 965. Wazungu walilichukua jina lake la al-Hasan wakalifanya Alhazen.

Sifa zake katika hisabati zilifika Misri kwa mtawala wa Kifatimi, al-Hakim bi-Amr Allah. Wanahistoria wa Kiarabu wasimulia kwamba Ibn al-Haytham alikuwa amesema angeweza kuyatengeneza maji ya mto Nile yasizidi wala yasipungue. Al-Hakim akamwita, akampa watu na mali. Akapanda mto hadi upande wa Aswan. Njiani akayatazama majengo ya Wamisri wa kale, akafahamu kuwa watu wenye ujuzi ule, lau jambo hilo lingewezekana, wangelifanya zamani. Akarudi akakiri kwamba hawezi.

Kukiri mbele ya al-Hakim hakukuwa jambo dogo, maana mtawala huyo aliua watu wengi kwa makosa madogo. Yasimuliwa kuwa Ibn al-Haytham alijitia wazimu ili asalimike, akafungiwa nyumbani mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Baadaye aliishi karibu na msikiti wa Azhar, akijipatia riziki kwa kunakili vitabu vya Euclid na Ptolemy.

Katika maisha hayo ya tabu alitunga Kitab al-Manazir, kitabu cha sehemu 7 juu ya nuru na kuona. Wakubwa wa Kiyunani kama hao Euclid na Ptolemy walishika kwamba jicho hutoa miale inayokwenda kukigusa kitu. Yeye akawapinga. Mwenye kulitazama jua huumia macho, kwa hiyo nuru ndiyo inayoingia. Msimamo wake ulikuwa kwamba mtafuta haki hapokei neno kwa ukubwa wa msemaji, ila hulipima kwanza.

Katika sehemu ya 3 ndipo alipoyageukia macho mawili. Alichukua ubao wa urefu wa dhiraa 1 na upana wa vidole 4, akachonga upande mmoja nafasi ya kuingia pua. Akachora mistari ya rangi mbalimbali, na juu yake akasimamisha vijiti vidogo vya nta. Akautia ubao usoni, akakikazia macho kijiti cha katikati. Kile akakiona kimoja, lakini vya mbele yake na nyuma yake vikawa viwili viwili. Akafahamu kwamba macho huenda pamoja, yakakutana kwenye kitu kinachotazamwa. Likisukumwa moja likaacha mahali pake, kitu kimoja huonekana viwili.

Si kila alichosema kilikuwa sawa. Kazi ya kioo cha ndani ya jicho hakuifahamu kama tuifahamuvyo leo, na Kepler wa Ujerumani ndiye aliyeitengeneza sehemu hiyo mwaka 1604. Lakini Kepler naye alikuwa amekisoma kitabu chake, kilichokuwa kimetafsiriwa kwa Kilatini na kuchapwa Basel mwaka 1572. Na hadi leo wanaotibu macho yasiyopatana hutumia uzi wenye shanga za rangi, ncha moja ikishikwa puani. Ukiukazia macho ushanga mmoja, uzi huonekana nyuzi mbili zinazokatana pale. Ni mambo yale yale ya ubao wa Basra.

Ibn al-Haytham alifariki Cairo mnamo 1040. Mola amrehemu.

Sasa tujiulize, sisi tunaojifakhiri naye, elimu yake tumeifanyia nini? Mtoto wa Pwani akiwa na makengeza, wengine husema ni ya kurithi, wengine husema atakua yaondoke, na wenziwe humpa jina la dhihaka. Kila jicho lina misuli 6 ya kuliendesha, na misuli hiyo isipopatana, ubongo wa mtoto hukimbia ile picha ya pili kwa kulipuuza jicho moja. Jicho hilo, hata likiwa zima, hudhoofika. Dawa yake huweza kuwa miwani, kulifunika jicho lenye nguvu, au upasuaji wa misuli, na hufaa zaidi mtoto akiwa mdogo. Na mara nyingine makengeza ni dalili ya maradhi makubwa ndani ya jicho.

Basi mtoto aliyepita miezi 6 na jicho lake bado linakwenda kombo, mpelekeni akapimwe. Na binti au kijana anayetaka kusomea macho, tusimwambie hiyo si kazi ya maana. Aliyetangulia katika njia hiyo alikuwa mtu wetu.