Bobbie Rosenfeld, Malkia wa Kila Uwanja

Tukiulizwa tutaje mashujaa wa michezo wa zamani, wengi wetu hutaja wanaume tu, utadhani wanawake walikuwa jikoni wote. Ndiyo maana mwaka huu nimeamua kuwasimulia maisha ya Fanny Rosenfeld wa Kanada. Watu walimwita Bobbie kwa sababu ya nywele zake alizozikata fupi.

Alizaliwa mwaka wa 1904 huko Ekaterinoslav, mji uliokuwa katika milki ya Urusi na ambao leo ni Dnipro, nchini Ukraine. Wazazi wake walihamia Kanada yeye akiwa bado mtoto mchanga, wakafanya makao Barrie, jimbo la Ontario. Huko baridi hugandisha maji yakawa magumu kama sakafu, na watu huteleza juu yake kwa viatu vyenye vyuma, wakicheza mpira wa magongo. Huo ndio mchezo Bobbie alioupenda kuliko yote.

Mwaka wa 1922 alikwenda Toronto, akawa karani katika kiwanda cha chokoleti. Lakini jamani, huyu hakuwa karani wa kawaida! Katika mashindano ya Ontario ya 1925, aliiwakilisha klabu yake peke yake. Kwa siku moja tu alishinda kutupa kisahani, kutupa tufe, kuruka viunzi, kuruka umbali na mbio za yadi 220. Pointi zake zikaipa klabu ushindi.

Mwaka wa 1928, wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kushindana katika riadha ya Olimpiki, mjini Amsterdam. Bobbie alipata medali ya fedha katika mita 100, nyuma kidogo tu ya Betty Robinson wa Marekani. Kisha yeye na wenzake watatu wakanyakua dhahabu katika mbio za kupokezana vijiti kwa sekunde 48.4, rekodi mpya ya dunia.

Hata hivyo, mimi navutiwa zaidi na mbio ambazo hakushinda. Katika mita 800 aliingizwa bila kuzifanyia mazoezi, ili amtie moyo mwenzake mdogo, Jean Thompson, aliyekuwa ameumia mguu. Jean alipoanza kulegea, Bobbie alimfikia kutoka nyuma, akakimbia naye bega kwa bega, kisha akamwachia atangulie. Jean akawa wa nne, Bobbie wa tano. Hebu niambie, ni wangapi kati yetu wangefanya hivyo?

Baada ya mbio hizo magazeti yalieneza habari kwamba wasichana walianguka ovyo, kumbe wote tisa walimaliza! Ati mwanamke hawezi. Mita 800 za wanawake zikaondolewa katika Olimpiki hadi mwaka wa 1960.

Mwaka wa 1929 Bobbie alishikwa na ugonjwa wa viungo, akalala kitandani kwa miezi minane, kisha akatembelea mikongojo. Wengi walidhani amekwisha. Wapi! Alirudi kwenye barafu, na msimu wa 1931-32 akatajwa kuwa mchezaji bora wa kike wa magongo Ontario. Maradhi yaliporejea mwaka wa 1933 aliacha kucheza, lakini hakuacha michezo. Alikuwa kiongozi katika chama cha magongo cha wanawake, na kwa miaka mingi akaandika safu ya michezo katika gazeti la Globe and Mail. Mwaka wa 1950 alichaguliwa mwanamichezo bora wa kike wa Kanada katika nusu ya kwanza ya karne. Alifariki Toronto, Novemba 1969.

Wasichana wenzangu, mwaka wa 2008 Pamela Jelimo alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda dhahabu ya Olimpiki. Alishinda mbio gani? Mita 800, zile zile walizosema hatuziwezi. Basi tusikubali kuambiwa hatuwezi, na tukishaanza kukimbia, tusimwache mwenzetu aliyechoka njiani.