Askofu Aliyevuka Mpaka



Tukipita Tororo au Busia tunaona malori yenye mizigo, akina mama wenye magunia ya mahindi, na vijana wa boda boda wakivusha abiria. Mpaka huo umevukwa pia na watumishi wa Mungu waliokuwa wakikimbia. Leo tunamkumbuka mmoja wao, marehemu Yona Okoth.

Mwaka 1972 alikuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Bukedi, yenye makao yake Tororo. Idi Amin alikuwa ametwaa utawala mwaka mmoja tu nyuma. Watu wakaanza kupotea, na wajane wakaongezeka.

Februari 1977 askari waliingia usiku nyumbani kwa Askofu Mkuu Janani Luwum wakitafuta silaha. Nyumba ya Askofu Okoth kule Tororo nayo ilipekuliwa, naye akashikwa. Hawakuona kitu, wakamwachia. Maaskofu wakamwandikia Amin barua ya kulalamika. Tarehe 16 mwezi huo Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, mmoja wao Charles Oboth-Ofumbi, mtu wa Tororo. Serikali ikadai ni ajali ya gari.

Okoth akaacha nyumba, kanisa na kundi lake, akakimbilia Kenya.

Sisi tunajua maana yake. Askofu bila dayosisi ni kama mkulima bila shamba, au mwalimu bila darasa. Jana watu walikuita kwa heshima, leo unaulizwa umetoka wapi.

Lakini Mungu hakumsahau. Amin alianguka Aprili 1979, na Okoth akarudi kuwachunga watu wa Bukedi. Mwaka 1984 akawa Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda. Yule aliyeshukiwa pamoja na Luwum sasa aliketi katika kiti cha Luwum, akatumika hadi mwaka 1995. Haikuwa kazi rahisi. Nchi ilikuwa vitani, na baadaye ukatokea mgogoro mkali katika dayosisi ya Busoga.

Wapendwa, hatusemi kwamba kila mkimbizi atarudi kwao, au atapewa kiti. Luwum mwenyewe hakutoka salama. Tunalosema ni hili: wito wa Okoth haukubaki ng'ambo ya mpaka. Alivuka nao, akarudi nao.

Kati yetu wako wainjilisti, walimu wa kwaya na mafundi wanaosema watatumika siku watakaporudi nyumbani. Tusingoje. Yusufu alitumika hata gerezani, kabla hajajua mwisho wake. Watoto wa Shule ya Jumapili wako hapa hapa, na wagonjwa wa kutembelewa wako mlango wa pili.

Mungu awabariki. Amina.